Pambano limechorwa vibaya, au ni TV ya banda?

Swali kutoka Masasi, Mtwara: "Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kundi la vijana tunaoangalia anime, katuni za Kijapani, kwenye banda la jirani, TV ya inchi 55. Mafaili tunarushiana kwenye simu, kisha tunayatia kwenye flashi. Tangu One Punch Man msimu wa tatu itoke hatuelewani. Mmoja anasema studio imeishiwa, mwingine anasema mafaili yetu ndiyo mabovu, na mwenye banda anaapa TV yake haina shida kwa sababu mpira unaonekana safi. Tunajuaje kosa ni la nani? Na kwa nini studio hiyohiyo leo inatoa kitu kikali, kesho inatoa uchafu?"

Nzuri. Nianze na mwenye banda, maana kauli yake imebeba nusu ya jibu bila yeye kujua. Mpira kuonekana safi haina maana kwamba TV iko sawa kwa kila kitu. Mara nyingi maana yake ni kwamba imepangwa kwa ajili ya mpira, na mpangilio unaoufaa mpira ndio unaoharibu anime. Hao wengine wawili kila mmoja ana lake la kweli, ila wanagombania makosa mawili tofauti kana kwamba ni moja.

Shikeni hivi. Kosa la faili huonekana kwenye ung'avu: vijiboksi, ukungu, mistari ya rangi angani. Kosa la TV huonekana kwenye mwendo uliolainika kupita kiasi. Kosa la studio huonekana pale ambapo mwendo haupo kabisa, au upo lakini hauna uzito. Faili bovu linaweza kumfunika Saitama, shujaa wa One Punch Man, hadi kipara kisionekane, lakini haliwezi kumchukua mtu aliyechorwa akikimbia likamfanya ateleze kama amepandishwa kwenye toroli. Mkiona toroli, hapo ndipo mgeukie studio.

Tuanze na TV, kwa sababu ndiyo rahisi kurekebisha. Anime hutolewa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, lakini wachoraji hawachori michoro 24. Tangu mchora vibonzo Osamu Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atom (Astro Boy) tarehe 1 Januari 1963, katuni ya kila wiki kwenye televisheni ya Japani imejengwa kwa kubana michoro. Mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu ndipo ubadilike, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Ilianza kama njia ya kuokoa muda na pesa, ikaishia kuwa ufundi. Mchoraji anayejua kazi hulishikilia pozi kwa fremu kadhaa, kisha huiachia ngumi kwa fremu moja tu, na kule kusimama ndiko kunakoifanya ngumi iume.

TV za kisasa zina mtambo unaobuni fremu za katikati. Kwenye Samsung unaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, kwenye LG ni TruMotion, Sony wanauita Motionflow, Hisense Smooth Motion. Mpira ukienda kasi uwanjani, mtambo huo unasaidia jicho kuufuata. Kwenye anime unachukua pozi la kwanza na la pili, unatunga la tatu ambalo halijachorwa na binadamu yeyote. Mkono unaota kivuli chembamba pembeni, ncha za nywele zinayeyuka, na pigo linafika kama mtu anayepiga akiwa ndani ya maji. Mandhari inayovutwa polepole, kwa mfano kamera ikipita juu ya mji, huonekana nzuri tu, maana yenyewe tayari inasogea kila fremu. Ndiyo maana watu huangalia dakika ya kwanza wakasema TV kali, kisha pambano likianza wanamtukana mchoraji.

Vile vipande vya mtandaoni vilivyoandikwa "4K 60fps", yaani picha kubwa ya fremu 60 kwa sekunde, vimefanyiwa uganga huohuo na kompyuta. Anime nyingi za televisheni huandaliwa kwa ukubwa ulio chini ya 1080p (mistari 1,080 ya picha), kisha zikavutwa kufika hapo. Hiyo 4K imeongeza uzito wa faili tu, bando lenu limeliwa bure.

Sasa faili. Msitazame maandishi ya "HD" kwenye jina lake, fanyeni hesabu. Chukua ukubwa kwa MB, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde, upate megabiti, yaani data inayobeba kila sekunde ya picha. Episodi ya dakika 24 ina sekunde 1,440. Faili la MB 80 linakupa megabiti 0.44 kwa sekunde. La MB 350 linakupa kama 1.9. La GB 1.4 linafika 7.8. Diski ya Blu-ray inaruhusu picha hadi megabiti 40 kwa sekunde, kwa hiyo mnaona wenyewe kopi ya MB 80 imekatwa kiasi gani. Kwa faili la H.264, njia ya kubana video iliyozoeleka, lililo chini ya megabiti 1, msihukumu pambano lolote. H.265, njia mpya zaidi, hubana vizuri zaidi, kwa hiyo MB 200 za H.265 zinaweza kukaribiana na MB 350 za H.264.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalifikirii. Kubana video ni kutunza kile ambacho hakijabadilika tangu fremu iliyopita na kuandika upya mabadiliko tu. Mazungumzo chini ya mti hayabadiliki sana, mdomo tu ndio unachezacheza, kwa hiyo hata faili la MB 80 linayamudu. Lakini moshi, mvua, cheche, vumbi na nywele zinazopeperuka hubadilika kila mahali kila fremu, na data haitoshi, hivyo picha inavunjika vijiboksi. Maana yake faili bovu linamwadhibu zaidi mchoraji aliyefanya kazi zaidi. Na kinyume chake ni kweli: pambano la picha zilizosimama hubanika vizuri mno na kuonekana safi kwenye kopi ya kila namna. Mkiwa na mafaili mepesi mnaweza kusifia episodi ya kivivu kwa sababu "picha imetulia".

Njia ambayo faili limepita nayo ina uzito. Kurushiana kwa Xender hakupunguzi kitu, faili linafika kama lilivyo. WhatsApp ukituma kama video inabana upya. Telegram ukituma kama video ya kawaida inaweza kubana, ukituma kama faili haigusi. Kopi iliyotafsiriwa, ile ambayo jamaa anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika, imefunguliwa na kubanwa upya walau mara moja zaidi. Kwa kicheko na stori haina mpinzani, ila msiilete kwenye ubishi wa uchoraji.

Angalieni pia kasi ya fremu kwenye taarifa za faili. Kwenye kompyuta, programu ya kuchezea video ya VLC inaonyesha ukibonyeza Ctrl na J. Mnataka kuona 23.976. Mkikuta 30, kuna fremu zilizorudiwa au kuchanganywa. Mkikuta 15, fremu zimetupwa na mwendo wote mnaouona ni wa uongo. Na ikitokea flashi inatoa sauti huku kioo ni cheusi, mara nyingi ni faili la H.264 la biti 10, lenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ambalo TV nyingi haziwezi kulifungua. Tafuteni la biti 8, au la H.265.

Msimu wa Oktoba unapoanza, ambao kwenu huku ni wakati wa minada ya korosho na pesa ya bando haisumbui sana, msijaribu kushusha msimu mzima kwa ubora wa juu. Chagueni pambano moja mnalobishania, lichezeni kwa 1080p moja kwa moja kwenye huduma yenye leseni. Sekunde 30 kwa megabiti 8 ni MB 30 tu. Hizo zinatosha kufunga kesi.

Kesi yenyewe inafungwa kwa kuhesabu. Simamisha video kwenye VLC ya kompyuta, kisha bonyeza herufi E. Kila bonyezo ni fremu moja mbele. YouTube kwenye kompyuta, simamisha kisha tumia kitufe cha nukta. Anza na sini ya mtu anayeongea na hesabu mabonyezo kabla mdomo haujabadilika. Mawili au matatu ni kawaida kabisa, hilo si kosa la mtu. Kama kila bonyezo linaleta mdomo tofauti kidogo, na pembeni yake kuna kivuli cha mdomo uliopita, faili limebuniwa fremu; litupeni.

Kisha nendeni kwenye ngumi. Ngumi iliyochorwa vizuri, ukiipitia polepole, inashangaza kwa uchache wake. Fremu sita au nane bega limerudi nyuma, karibu halichezi, labda nguo tu ndiyo inatikisika. Bonyezo moja: mkono umevutika kama donge la chapati, vidole havihesabiki. Bonyezo jingine: kioo chote ni cheusi na cheupe, mistari mitupu. Bonyezo la tatu: aliyepigwa yuko mbali na miguu imeshaacha ardhi. Mchoro wa ngumi ikigusa shavu mara nyingi haupo kabisa, kichwa chako ndicho kilichoujaza. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua.

Ngumi iliyokosa muda inaonekana hivi: mchoro mmoja wa ngumi unakaa fremu 30 na zaidi, zaidi ya sekunde nzima, huku kompyuta ikiukuza taratibu, ikiongeza mistari ya kasi nyuma, ikitikisa kamera na kumalizia na mwanga mweupe. Bonyezeni E mara kumi, vidole ni vilevile. Mara moja kwenye pambano si dhambi, ni pumzi. Mara tano mfululizo, studio haikuwa na watu wa kuchora. Tazameni na miguu: kama mhusika anatembea lakini kamera haishuki chini ya kiuno episodi nzima, au anaongea akiwa amewapa mgongo kila mara ili mdomo usichorwe, huko ndiko michoro ilikookolewa.

Hapa kuna mtego mmoja: sura kupinda si sawa na mwendo mbovu. Episodi ya 167 ya Naruto Shippuden, pambano la Naruto na Pain lililorushwa 2010 na kuongozwa na Atsushi Wakabayashi, ilichekwa sana kwa sababu watu walisimamisha video na kusambaza picha ya uso wa Pain ukiwa umevutika kama mpira. Ichezeni kwa kasi yake. Miili ina uzito, mapigo yana mdundo, vifusi vinaruka kwa njia inayoeleweka. Kuvutika kule ni kwa makusudi. Unaweza usiupende mtindo, hilo ni la ladha, lakini anayeiweka kundi moja na picha zilizosimama hajaiangalia, ameangalia picha ya mnato tu. Upande wa pili kuna anime zenye sura nzuri kila fremu, mwanga wa kung'aa na vumbi la dhahabu, lakini hakuna mtu anayehama alipo. Mimi nachagua ya Wakabayashi.

Swali la studio. Episodi moja ya televisheni ina vipande vya picha kama 300 na michoro elfu tatu hadi elfu tano, wakati mwingine zaidi. Kwanza mwongozaji anachora mtiririko wa sini. Mchoraji anapanga kila kipande, kisha anachora michoro mama, inayoitwa genga. Msimamizi wa michoro anaisahihisha ili nyuso zifanane. Ndipo wachoraji wa kati wanajaza douga, michoro ya katikati, rangi inapakwa, mandhari inaletwa, na hatua ya mwisho inaunganisha vyote kwa kompyuta na kuongeza mwanga na moshi. Ninyi mnajua vinyago vya Kimakonde: fundi ndiye anayetoa sura kwenye mpingo, vijana wanamalizia kwa msasa. Sura ikitoka kombo, msasa hauinyooshi. Na fundi akikabidhi gogo usiku wa kuamkia siku ya mteja, hata sura nzuri itatoka na alama za tupa.

Hicho ndicho kinachotokea kwenye ratiba. Genga zikichelewa, michoro ya kati hutumwa nje, China, Korea, Vietnam au Ufilipino, na huweza kurudi baada ya siku moja au mbili. Wachoraji wengi wa kati hulipwa kwa mchoro, kwa kawaida takriban yen 200, kwa hiyo hakuna anayekaa saa nzima kuulainisha mkono mmoja. Msimamizi hana muda wa kurudisha kazi. Anasahihisha nyuso za mbele na kuachia nyingine.

Kauli ya "studio imeishiwa pesa" mara nyingi haigusi penyewe. Anime nyingi hulipiwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga (vibonzo vya Kijapani), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, watengeneza bidhaa. Studio hupewa kiasi kilichokubaliwa na tarehe. Chainsaw Man ya 2022, ambayo studio ya MAPPA waliigharamia wenyewe yote, ilizungumzwa sana kwa sababu si kawaida. Kinachokosekana zaidi ni watu wenye mkono mzuri walio huru wiki hizo. Wachoraji wengi bora ni wa kujitegemea. Hufuata mwongozaji wanayemwamini au mratibu aliyewapigia simu mapema.

Tazameni One Punch Man yenyewe. Msimu wa kwanza, Oktoba 2015, ulifanywa studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Shingo Natsume, ambaye aliwakusanya wachoraji huru wakubwa kupitia kujuana. Msimu wa pili, Aprili 2019, ulihamia studio ya J.C.Staff na mwongozaji mwingine. Wale wachoraji hawakuwa mali ya Madhouse wala ya jina la anime, kwa hiyo hawakuhama nayo. Wa tatu, Oktoba 2025, ulibaki J.C.Staff na ukalaumiwa kote kwa picha zilizosimama. Lakini ni J.C.Staff hiyohiyo iliyofanya Shokugeki no Soma, anime ya mapishi, mwaka 2015, ambayo mchuzi wake ulikuwa unatoa mvuke hadi mate yanakudondoka. Jina la studio mlangoni linakwambia kidogo sana.

Jujutsu Kaisen msimu wa pili, 2023, ni mfano wa upande wa pili. MAPPA walitoa mapambano yanayosimuliwa hadi leo, huku baadhi ya wachoraji wake wakilalamikia ratiba hadharani mwezi Novemba mwaka huo. Kwa hiyo kazi kali si uthibitisho wa ratiba nzuri. Wakati mwingine ni watu wamejiumiza.

Studio zinazobadilika kidogo zina sababu inayoonekana. Kyoto Animation huajiri wachoraji kwa mshahara na kuwafundisha wenyewe. Ufotable wana idara yao ya kuunganisha picha na mandhari ndani ya nyumba, ndiyo maana mwanga na maji ya Kimetsu no Yaiba (Demon Slayer) yanakaa pamoja na mchoro badala ya kuelea juu yake. Toei walirusha One Piece karibu kila wiki tangu 20 Oktoba 1999 hadi 2025, na episodi zake zilikuwa za kupanda na kushuka kwa miaka mingi. Kuanzia 2026 walitangaza zisizidi 26 kwa mwaka. Hiyo ni habari kubwa kuliko trela yoyote, kwa mtu anayejali mwendo.

Mnaweza kuikisia ratiba kutoka majina ya mwisho wa episodi. Tafuteni alama hizi nne: 作画監督, msimamizi wa michoro. Chini yake mkikuta majina mawili au matatu, episodi imepumua. Mkikuta kumi na zaidi kwenye episodi ya kawaida, imegawanywa vipande ili iwahi. Si kipimo kamili, maana episodi kubwa za mapambano nazo huita wengi, lakini kikiungana na ngumi za fremu 30 mnapata jibu.

Kosa moja la mwisho si la yeyote kati yenu. Tarehe 16 Desemba 1997 episodi ya Pokémon ilimulika nyekundu na bluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 Japani wakapelekwa hospitali. Tangu hapo vituo vina masharti juu ya miale inayomulika, na sini zenye miale mingi hufifishwa au kupachikwa kivuli cha fremu iliyopita kabla ya kurushwa. Kopi nyingi za wiki ya kwanza hutoka na giza hilo. Toleo la Blu-ray kwa kawaida huja bila hilo giza, na mara nyingi michoro yenyewe imerekebishwa. Pambano likiwa na giza la ghafla pale tu pigo linapotua, msiguse mwangaza wa TV.

Kwa hiyo kwa ubishi wenu: picha zilizosimama za msimu wa tatu ni za studio, na hakuna faili litakalozifufua. Vijiboksi ni vyenu. Ulaini ni wa mwenye banda.

Akikataa kuzima mtambo kwa kuhofia mechi ya Simba na Yanga, mwambieni TV nyingi hutunza mipangilio ya picha kwa kila tundu peke yake. King'amuzi kipo HDMI 1, kibaki kilivyo. Chomekeni flashi, fungueni video kwanza ndipo muingie kwenye mipangilio ya picha, chagueni hali ya Sinema au Filmmaker, zimeni kile cha kulainisha mwendo, shusheni ukali wa kingo karibu na sifuri. Kisha rudini HDMI 1 mbele yake mkague kama mpira haujabadilika. Ukibadilika, TV hiyo inatunza mpangilio mmoja kwa yote, na itabidi mwombe rimoti kila mara kabla ya kuanza.